Kimia ya Ndani: Sheikh Ramiya wa Bagamoyo na Somo la Kugeuka

Neno kemia tunalolisikia kila siku pale maabara lina mzee wake: kimia, au alkemia. Asili yake ni Kiarabu, al-kimiya. Kabla watu hawajajua atomu wala jedwali la elementi, wanakimia walichemsha zebaki, risasi na salfa wakitafuta mambo mawili: kugeuza madini duni yawe dhahabu, na kupata dawa ya kumfanya mtu asife. Hawakupata hata moja. Lakini ndani ya utafutaji huo, China na katika nchi za Kiislamu, likazaliwa wazo ambalo mpaka leo lina uzito: kwamba kitu cha kugeuzwa ni wewe mwenyewe, na ile shaba iliyoko kwenye chungu ilikuwa mfano tu.

Biashara ya kugeuka haijaisha, imebadilisha nguo tu. Huku kwetu Chanika nguzo za umeme zimejaa matangazo ya waganga wa mafanikio. Hapa chuoni kuna semina za kubadili maisha kwa wiki tatu, vidonge vya kuongeza akili msimu wa mitihani, na makundi ya WhatsApp ambayo ukilipa kiingilio unafundishwa kuvuta utajiri kwa fikra. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili alitoa karibu nusu ya bumu lake kwa mwalimu wa namna hiyo. Muhula ulipoisha alikuwa na sapu tatu na daftari limejaa maneno ya kutia moyo. Simcheki, maana alichokuwa anakitafuta ni halali kabisa: alitaka kuwa mtu mwingine. Swali ni nani anayefaa kumfundisha mtu jambo hilo, na sisi tutamtambuaje.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba mwalimu wa kweli wa kimia ya ndani anatambulika kwa mambo matatu. Amepita kwenye moto yeye mwenyewe. Anafundisha kazi ya kila siku, hauzi muujiza. Na kugeuka kwake kunaonekana kwa watu wanaomzunguka. Nitaanza China, ambako wazo hili limeelezwa kwa uwazi sana, kisha nitakuja kwa mtu wa karibu yetu: Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931.

Maabara inapohamia mwilini

Wachina walianza na kimia ya nje. Walitengeneza dawa za uzima wa milele kwa zebaki na madini mengine yenye sumu, na wafalme kadhaa wa utawala wa Tang (618–907) wanatajwa kuwa walikufa kwa kuzinywa. Yaani mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini anauawa na dawa ya kumzuia asife. Polepole baadhi ya walimu wa Dao wakaihamisha maabara. Tanuri likawa mwili wa mtu, hasa sehemu ya chini ya kitovu. Malighafi zikawa tatu. Ya kwanza ni jing, asili ya uhai ambayo mtu huimaliza kwa anasa na uchovu. Ya pili ni qi, pumzi na nguvu inayotembea mwilini. Ya tatu ni shen, roho au ufahamu. Kazi ni kuisafisha ya kwanza iwe ya pili, ya pili iwe ya tatu, halafu ya tatu irudi kwenye utupu ilikotoka. Moto wa tanuri hilo ni umakini na pumzi: ukiuzidisha unaunguza, ukiupunguza chungu hakiivi. Njia hii inaitwa neidan, ambalo kwa Kiswahili tungesema kidonge cha ndani.

Mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa Wang Chongyang (1113–1170). Alisoma, akajaribu njia ya jeshi na ya utumishi, hakufika alikotaka, akawa mlevi. Alipokaribia miaka 50 akaacha yote, akachimba kaburi akaishi ndani yake kwa miaka kama mitatu, akijiita maiti aliye hai. Alipotoka akaenda mashariki, Shandong, akapata wanafunzi saba ambao historia imewahifadhi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Sun Bu'er. Shule yao iliitwa Quanzhen, yaani Ukweli Kamili, na iliwaambia watu kwamba mafundisho ya Dao, ya Buddha na ya Confucius yana mzizi mmoja.

Mdogo kati ya wanafunzi hao saba alikuwa Qiu Chuji (1148–1227). Alipoteza wazazi mapema. Mwalimu wake alipofariki, aliishi pangoni miaka sita, akahamia milima ya Longmen akaishi hivyo miaka saba mingine. Miaka 13! Uzeeni sifa zake zikamfikia Genghis Khan, ambaye wakati huo alikuwa anaichoma nusu ya Asia. Khan akatuma mjumbe kumwita. Mzee wa miaka zaidi ya 70 akasafiri kutoka mashariki ya China mpaka nchi tunayoiita leo Afghanistan, na mwaka 1222 akasimama mbele ya mtawala. Swali la kwanza la Khan lilikuwa lilelile la wafalme wa Tang: umeniletea dawa gani ya kuishi milele? Qiu Chuji akamjibu kwamba zipo njia za kuutunza uhai, lakini dawa ya kutokufa haipo. Kisha akamshauri apunguze matamanio na aache kuua ovyo.

Wadau, hebu lipime jibu hilo. Angeweza kumuuzia chochote, na watu waliomdanganya mfalme kwa vidonge walikuwa wengi kabla yake. Yeye akasema hapana, na Khan akamheshimu kwa ukweli huo. Wote wawili walikufa mwaka mmoja, 1227, na mpaka leo Hekalu la Wingu Jeupe mjini Beijing linamkumbuka huyo mzee.

Wazo lilelile kwetu pwani

Ukishalielewa wazo hilo kwa Wachina, utalitambua haraka kwetu, hata kama halijavaa jina la Dao. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kwa Kiajemi na kukiita kwa maana ya Kimia ya Furaha. Mfano wake ni uleule: kama mwanakimia anavyotaka kuitoa shaba kwenye uduni wake, ndivyo mtu anavyopaswa kuitoa nafsi yake kwenye tabia za kinyama. Mjini Baghdad, Abdulqadir Jilani, aliyefariki mwaka 1166, yaani miaka minne tu kabla ya Wang Chongyang, alikuwa mwalimu ambaye jina lake lilibebwa na twarika ya Qadiriyya. Sisemi kwamba walijuana au walinakiliana. Nasema watu wa sehemu mbili za dunia, karne moja, walikuwa na swali moja.

Katika mafundisho ya masufi, malighafi ni nafsi, nayo ina daraja. Kuna nafsi inayoamrisha maovu, kuna inayojilaumu, na kuna iliyotulia. Moto ni zikri, yaani kumtaja Mungu tena na tena, kwa ulimi, kisha kwa pumzi, kisha kwa moyo. Mwenye kusimamia moto huo ni shekhe, na anayejifunza anaitwa muridi. Shekhe hajipi cheo. Anatakiwa awe na ijaza, idhini kutoka kwa aliyemfundisha, naye alipewa na wa kabla yake, mpaka mlolongo unaoitwa silsila ufike kwa mwanzilishi. Kumbuka kipengele hiki, tutakirudia.

Qadiriyya ilienea katika pwani yetu zaidi mwishoni mwa karne ya 19. Jina linalotajwa sana ni Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), aliyefika Zanzibar na kuacha makhalifa waliopeleka twarika bara. Si huyo peke yake, kulikuwa na matawi kadhaa. Kilichoitofautisha Qadiriyya na elimu ya zamani ya misikitini ni kwamba mlango wake ulikuwa mpana. Ili ukae na wanazuoni ulihitaji ukoo, Kiarabu na muda. Ili uingie kwenye halaka ya zikri ulihitaji kuja. Kule Lamu, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, alifanya jambo linalofanana kupitia msikiti wa Riyadha: aliwafundisha watu ambao wenye mji hawakuwapa nafasi. Huku kwetu Mrima, mtu wa kulisimamia jambo hilo alitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Mtoto kutoka Manyema

Manyema ni nchi iliyoko magharibi ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo ya leo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliichana nchi hiyo vipande vipande. Mtoto aliyekamatwa huko alivushwa ziwa hadi Ujiji, akapitishwa Tabora, akashushwa Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu kutoka ziwani hadi baharini. Soko kubwa la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko hakukufunga utumwa. Majumbani na mashambani uliendelea, na katika Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922.

Yahya alikuwa mmoja wa watoto hao. Aliletwa Bagamoyo akiwa mdogo, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulayman al-Lamki, Mwarabu mkubwa wa mji aliyekuwa liwali, yaani mwakilishi wa serikali anayesimamia mji na kuamua kesi za wenyeji. Hata jina lake linasimulia. "Bin Abdallah" ni mwana wa mja wa Mungu, jina alilopewa mara nyingi mtu ambaye baba yake hakuwa na nafasi katika nasaba za pwani. Kwa mji ulioishi kwa kuulizana "wewe ni wa nani?", kutokuwa na jibu kulikuwa hukumu.

Bagamoyo ya wakati huo si huu mji wa utulivu tunaokwenda kupiga picha wikiendi. Ilikuwa bandari ya misafara, imejaa wapagazi kutoka Unyamwezi, Wahindi wenye maduka, Waarabu, Washomvi, na tangu mwaka 1868 wamisionari Wakatoliki waliokuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Wajerumani wakaifanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Katika mji huo watu walipangwa kama ngazi: waungwana juu, wageni kutoka bara chini, watumwa chini zaidi. Ngazi hiyo ilionekana kila mahali. Nani anakaa mstari gani kwenye maulidi, nani anavaa kilemba, nani anaalikwa kula na nani anaalikwa kupika.

Yahya alianza na biashara ndogo, akiuza samaki. Kidogo kidogo akasonga mpaka akanunua ardhi na kumiliki mashamba ya minazi. Wakati huohuo alisoma kwa wanazuoni wa mji, na baadaye akafungua chuo chake cha Kurani. Mwanzoni mwa karne ya 20 akapewa ijaza ya Qadiriyya, na kabla Vita ya Kwanza ya Dunia haijaanza alikuwa kati ya mashekhe wenye wafuasi wengi kabisa katika Mrima.

Tusiipite haraka ile sehemu ya samaki. Anayemjua muuza samaki anajua ratiba yake: unaamka kabla ya alfajiri, unasubiri ngalawa, unapatana bei kabla jua halijapanda, unatembea mtaa kwa mtaa bidhaa isije ikaharibika. Mtu wa ratiba hiyo hana miaka mitatu ya kukaa kaburini kama Wang Chongyang, wala 13 ya pangoni kama Qiu Chuji. Pango lake lilikuwa sokoni. Hapa naona alama ya kwanza niliyoitaja: moto aliupitia mwenyewe, na hakuuchagua.

Alikuwa anafundisha nini

Sheikh Ramiya hakuacha falsafa ya kukaririwa. Mafundisho yake ni yale ya twarika, na namna alivyoyaishi. Kwa anayesoma kutoka nje kama mimi, ambaye si muridi wa twarika yoyote, naona nguzo nne.

Ya kwanza ni pumzi. Zikri ya Qadiriyya ya Afrika Mashariki inajulikana kwa jinsi inavyotumia kifua. Watu wanasimama duara, bega kwa bega, wanaanza polepole kutaja jina la Mungu, mwili unayumba mbele na nyuma, sauti inashuka kutoka ulimini hadi kifuani mpaka unachosikia ni pumzi tu, zote kwa pamoja. Usiku wa maulidi huku Chanika sauti hiyo husafiri mbali. Mtu asiyeijua anaweza kuogopa. Ukimwuliza Mchina wa neidan atakwambia hiyo ni kazi ya moto: pumzi inakusanya akili iliyotawanyika. Tofauti ni kwamba mwalimu wa Kichina alikaa peke yake kimya, na wa Bagamoyo alisimama katikati ya watu. Naongeza hapa, kwa haki, kwamba wapo Waislamu wasomi wanaoikataa namna hiyo ya zikri na kuiita bidaa. Mjadala huo ni wao na sitauamua mimi. Kwa somo letu, inatosha kuona kwamba ni mazoezi yenye utaratibu, na hayamtoki mtu kwa siku moja.

Ya pili ni uradi, yaani maneno maalumu ambayo muridi anatakiwa kuyasoma kila siku kwa wakati wake. Haichangamshi. Hakuna makofi wala cheti. Ni kurudia kitu kilekile asubuhi na jioni, ukiwa na hamu au huna. Nafsi inayojilaumu hulelewa hapo, kwa sababu siku uliyoacha unaijua mwenyewe.

Ya tatu ni adabu, na nayo ilikuwa na meno. Kwenye duara hakuna mbele wala nyuma. Mpagazi wa Kinyamwezi, mtoto wa mtumwa, mvuvi na mwenye shamba wanashikana mikono ileile na kuvuta pumzi ileile. Kwa sisi tuliozoea usawa wa kwenye Katiba hili linaonekana jambo dogo. Kwa mji uliogombania nani akae mstari wa kwanza kwenye maulidi, lilikuwa tetemeko.

Ya nne ni elimu. Chuo chake kilipokea watoto wa watu wa kawaida, wengi wakiwa na asili ya bara, na waliotoka hapo waliipeleka twarika kwenye miji na vijiji vingine. Baada ya Vita ya Maji Maji (1905–1907) watu wengi walikuwa wamepoteza ndugu, mashamba na wazee wao wa kuwaongoza. Walihitaji undugu mpya usiouliza ukoo, na twarika ilikuwa na undugu wa namna hiyo. Wajerumani waliona. Mwaka 1908 ulisambaa waraka uliodaiwa kutoka Makka ukiwaonya Waislamu kwamba kiama kimekaribia, na tangu hapo serikali ikaanza kuzitazama twarika kwa jicho la wasiwasi.

Hiyo ni alama ya pili na ya tatu kwa pamoja. Kazi ni ya kila siku, na matokeo yake yako kwa watu. Hivi wewe ungempimaje mtu anayesema amegeuka ndani, kama waliomzunguka wamebaki palepale?

Kiti cha liwali

Agosti 1916 Waingereza waliiteka Bagamoyo. Walihitaji liwali, mtu ambaye mji ungemsikiliza. Wakamteua Sheikh Ramiya. Isome tena: mtoto aliyeletwa kama mtumwa wa nyumba ya liwali akawa liwali. Akashika kiti hicho huku akiendelea na twarika mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1931.

Kama hii ingekuwa semina ya mafanikio, msemaji angesimama hapa apigiwe makofi: mnaona, ukiamini unaweza! Mimi napenda tukae nalo kidogo, kwa sababu lina pande mbili.

Upande mmoja, ni kweli kuna jambo kubwa limetokea. Waingereza hawakumpa Ramiya heshima, waliikuta anayo. Aliipata kwa wavuvi, wakulima na wajukuu wa watumwa, na serikali ikaja kuiazima. Qiu Chuji naye aliporudi kutoka kwa Khan alipewa amri ya mwaka 1223 iliyowasamehe kodi watu wa Dao, na mahekalu yake yakawa kimbilio la wengi wakati wa vita. Katika hadithi zote mbili dola ndiyo iliyomfuata mwalimu.

Upande wa pili, liwali alikuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa kuifanya serikali hiyo itawale kwa gharama ndogo, kupitia mtu ambaye wananchi wanamheshimu. Na utumwa wa Tanganyika haukuondolewa na zikri, uliondolewa kwa sheria ya 1922, baada ya miaka mingi ya watumwa wenyewe kutoroka, kujikomboa na kukataa. Anayesema kujibadilisha ndani kunatosha, na mambo ya mshahara, sheria na siasa yatajipanga yenyewe, anatuuzia kidonge cha zebaki. Mwenzangu niliyemtaja mwanzo hakufeli kwa sababu ya fikra hasi. Anapanda daladala mbili kila asubuhi kutoka kwao kuja chuoni, analala saa tano, na usiku anamsaidia mama yake kibandani. Mwalimu wake wa mafanikio hakumwuliza hata moja kati ya hayo.

Watu wa Bagamoyo wenyewe waliliona hilo. Mwanawe Ramiya, Sheikh Muhammad, aliyeshika uongozi wa twarika baada yake, alikuwa upande wa TANU wakati wa kudai uhuru. Mtandao ule wa watu waliojifunza kusimama bega kwa bega usiku wa zikri haukuwa mgeni na mkutano wa hadhara ambapo mtoto wa fulani na asiye na fulani walipewa kadi moja. Sidai kwamba zikri ilileta uhuru. Nadai kwamba watu waliozoea kukaa bila ngazi walikuwa na kitu cha kuanzia.

Tunachukua nini

Wengi wetu tumekuja chuoni tukiwa na swali la "wewe ni wa nani?" limebadilishwa maneno tu. Umesoma shule gani? Unakaa wapi? Ukisema Chanika mtu anacheka: hiyo bado ni Dar au tayari ni Pwani? Ukienda usaili wa kazi, jina la mjomba linaweza kuwa na nguvu kuliko GPA. Hayo si ya kufikirika, na ndiyo maana biashara ya kugeuka inapata wateja. Kwa hiyo kabla hujatoa bumu lako kwa mtu anayekuahidi kukugeuza, mpime kwa maisha ya Ramiya na ya Qiu Chuji.

Mwulize silsila yake. Nani alimfundisha, kwa miaka mingapi, na nani anaweza kumkosoa? Mwenye twarika anakutajia mlolongo wake mpaka Baghdad. Mwalimu wa kwenye simu mara nyingi mlolongo wake unaanzia kwake.

Mwulize kazi ya kila siku ni ipi. Kama jibu ni siri itakayofunguliwa ukilipia hatua ya pili, ondoka. Kazi ya kweli haina siri nyingi: amka, soma, pumua, rudia, usimdhulumu mtu. Ugumu wake ni kuirudia kesho.

Mwulize asichoweza kukufanyia. Qiu Chuji alimwambia mtawala mwenye panga elfu kwamba dawa ya kutokufa haipo. Mwalimu asiye na "haipo" hata moja kwenye mafundisho yake ni wa kuogopwa.

Na mwisho, watazame walio karibu naye. Wamekua, au wamekuwa mashabiki tu? Chuo cha Ramiya kilitoa walimu. Hata leo, zaidi ya miaka 90 tangu afariki, wafuasi kutoka sehemu mbalimbali hukutana Bagamoyo kwa maulidi ya kila mwaka, na ndani ya duara lao bado huwezi kujua kwa kutazama nani ni wa nani.

Kwa wenzangu wa vikundi vya kujisomea, naacha maswali matatu ya kujadili. Je, mtu anaweza kugeuka ndani akiwa peke yake kama Qiu Chuji pangoni, au anahitaji duara kama la Bagamoyo? Je, Sheikh Ramiya alifanya sawa kukubali kiti cha liwali, na wewe ungemshauri nini mwaka 1916? Na hapa chuoni, ni mahali gani ambapo mtu wa Chanika na mtu wa Masaki wanavuta pumzi pamoja bila ngazi? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", basi kazi ya kwanza ya chama chetu cha wanafunzi tumeshaipata.